Kwihara, Kitongoji cha Tabora, na Watu wa Njia ya Misafara

Nje ya mji wa Tabora, upande wa kusini-magharibi, kipo kitongoji kiitwacho Kwihara. Waalimu wengi wamekwisha kupeleka wanafunzi wao huko kutazama tembe aliyokaa David Livingstone, na wanafunzi hurudi na jina hilo moja vichwani mwao. Jina hilo lastahili kukumbukwa. Lakini wako watu wengine waliokijenga kitongoji hicho, wakakilisha, wakakipatia sifa yake, nao hawatajwi sana. Habari zao ndizo tulizokusudia kuzieleza hapa.

1. Nchi na majina yake

Kwihara imo katika nchi ya Unyanyembe, mojawapo ya nchi za Wanyamwezi, ambayo mtemi wake alikaa Itetemia, si mbali na hapo. Jina la Wanyamwezi lilitoka kwa watu wa pwani, nalo mara nyingi hufasiriwa kuwa ni watu wa upande wa magharibi, mwezi mwandamo unakoonekana. Na jina la Tabora, wazee husema kwamba latokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani. Hicho ni chakula kifaacho sana safarini, kwa kuwa hakiozi upesi wala hakilemei. Kama asili ya jina ndiyo hiyo, basi mji huu waitwa kwa posho ya msafiri.

Wazungu Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba, 1857, walipokewa na Mwarabu Snay bin Amir mahali walipopaita Kazeh. Waarabu walikuwa wamekaa hapo miaka michache tu. Lakini njia yenyewe ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi kabla yao, maana wao wenyewe walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na ushanga. Mgeni aliikuta njia, hakuifungua.

2. Maisha ya kungoja

Desturi ya safari ilikuwa hivi. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walifanya mapatano ya kufika Unyanyembe. Wakiisha kufika hutua mizigo, hulipwa, na kila mtu hushika njia ya kwao. Mwenye safari atakaye kuendelea mpaka Ujiji, au Karagwe na Buganda, hana budi kutafuta watu wapya. Na Wanyamwezi huondoka baada ya mavuno, tena hupenda kuwapo nyumbani mvua zinapoanza, ili walime. Kwa hiyo msafiri aliyefika wakati usio wake alikaa majuma, pengine miezi, akingoja. Twaweza kusema kwamba Tabora na vitongoji vyake vilikua kwa sababu ya kungoja huko.

Wenye kungoja hutaka nyumba, chakula na mazungumzo. Ndiyo maana zikajengwa tembe kubwa, zenye kuta nene za udongo, dari ya miti iliyofunikwa udongo juu, ua katikati, na baraza mbele ambapo wageni huketi. Yakalimwa mashamba ya mpunga na vitunguu, ikapandwa mindimu na mipapai. Katika ua mmoja palisikika Kinyamwezi, Kiswahili cha pwani na Kiarabu, na baadaye lugha za Wamanyema. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani ratli 70. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na nyuma yake ngoma na barghumu. Maneno kama posho, hongo, mpagazi na kirangozi yalienea bara pamoja na miguu ya watu hao. Kijana wa Kinyamwezi asiyepata kushuka pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto, na kupata mke kulimwia vigumu.

Haifai kuficha kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Waliopita wamefungwa minyororo walipita mbele ya mabaraza hayo hayo, na mashamba mengi yaliyowalisha wageni yalilimwa na watu walionunuliwa. Mwalimu asifiaye ukarimu wa Unyanyembe na alitaje jambo hili pia, kwa kuwa watoto wana haki ya kujua mambo yote mawili.

Iko desturi moja iliyozaliwa au kukuzwa njiani, nayo ni utani. Wanyamwezi wana watani Wazaramo, Wazigua, na makabila mengine waliokutana nayo katika safari. Watu wengi hudhani kwamba utani ni mzaha tu. Lakini mtani ana kazi yake penye msiba. Aliyefia ugenini hana ndugu wa kumzika, na mtani ndiye amsimamaye mahali pa ndugu. Kwa watu ambao wengi wao walifia porini chini ya mizigo, jambo hili halikuwa dogo.

3. Vita na nyumba ya Kwihara

Amani ya mabaraza hayo haikudumu. Mtemi Manwa Sera aligombana na wafanya biashara kwa ajili ya ushuru, wakamfukuza, wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Na Snay bin Amir, aliyewapokea Burton na Speke, aliuawa katika vita hivyo. Kisha akainuka Mirambo, akaifunga njia ya Ujiji. Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akapewa tembe na Said bin Salim, liwali wa Waarabu, ambaye zamani alikuwa mkuu wa msafara wa Burton na Speke. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule watu wa Mirambo waliingia Tabora, wakamwua Khamis bin Abdallah, wakachoma nyumba. Waliokimbia wakajaa Kwihara, na kuta za tembe zikatobolewa matundu ya bunduki.

Tarehe 18 Februari, 1872, Stanley alirudi kutoka Ujiji pamoja na Livingstone. Mwezi uliofuata Stanley akashuka pwani kumtafutia watu, na Livingstone akakaa Kwihara akingoja, kama walivyongoja wengine wote. Watu 57 walifika kutoka pwani mwezi wa Agosti, na tarehe 25 wakaondoka naye kwenda kusini.

4. Waliorudi

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo mwanzoni mwa Mei, 1873. Susi na Chuma na wenzao wakakata shauri kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko; wakaukausha mwili juani, wakauvika gamba la mti na kitambaa cha tanga, wakauchukua begani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe.

Wakati ule Luteni Cameron alikuwa akikaa katika tembe ile ile ya Kwihara. Akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Shauri hilo halikuwa la ubaya: njia ilikuwa na hatari, na Shaw, mwenzi wa Stanley, alikuwa amekwisha kufia hapo. Lakini wapagazi walikataa. Hawakuwa na bwana tena wa kuwaamuru, na Mzungu aliyekuwapo aliwashauri kinyume. Hata hivyo walishika ahadi waliyojiwekea wenyewe.

Wakaendelea mpaka Kasekera, na huko watu wa njiani hawakutaka maiti apite katika nchi yao. Ndipo wakafanya hila. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga sanda mfano wa maiti, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku watu hao wakayatupa mabua porini kidogo kidogo, wakarudi kwa wenzao. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa kama mtumba wa nguo, nao ukapita bila mtu kuujua. Hivyo ufundi wa mpagazi, yaani kufunga mzigo, ndio uliomfikisha Livingstone Bagamoyo Februari 1874, na kaburini katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili.

Kijana aliyezoea kuona wenzake wakiachwa njiani bila kaburi alijua thamani ya kumfikisha maiti kwao. Twaamini kwamba hapo Kwihara, katika neno lao la kukataa, yaonekana heshima ya watu wa njia kuliko katika vita vyote vya Unyanyembe.

5. Baada ya misafara

Mtemi Isike alipigana na Wajerumani hata Januari 1893. Boma lake la Isiunula lilipoingiwa, alijilipua kwa baruti. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya wapagazi ikaisha. Mji ukaifuata stesheni, na hata majina ya mitaa yaonyesha hivyo, kama Tambukareli na Ng'ambo. Kwihara ikabaki pembeni, mashambani. Tembe ya kale ilibomoka, na nyumba itazamwayo sasa imejengwa upya kwa mfano wake. Mwaka 2006 Kwihara ilitajwa pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, kwa ajili ya njia ya pembe na watumwa.

Basi twawasihi waalimu na mapadre wapelekao vijana Kwihara wasiishie kuwaonyesha chumba cha mgeni. Wawasimamishe uani, wawaambie ni nani waliotua mizigo hapo, na ni nani waliopita wamefungwa. Kisha wawaulize kwao wana watani gani, na babu zao walipita njia ipi. Huenda mtoto akakumbuka neno alilolisikia kwa bibi yake, na kwa neno hilo akajua kwamba historia ya Kwihara ni ya ukoo wake pia.