Safu ya Lugha: Alteneta

Fundi akisema “alteneta imekufa”, mwenye gari huwaza kifaa cha duara kinachozungushwa na mkanda. Kwenye mashine nyingi za kukatia nyasi zinazoendeshwa kwa kukaliwa, kifaa hicho hakipo. Kuna koili za waya wa shaba zilizofungwa chini ya flaiwili. Sumaku za flaiwili huzizunguka na kufua umeme, kisha regyuleta huunyoosha uingie kwenye betri. Hata hivyo jina alteneta linafaa, maana hutaja kazi, si umbo: kufua umeme unaogeuza mwelekeo. Kabla ya kununua mpya, washa injini, upime betri. Ikisoma takriban volti 14, alteneta ni nzima. Ikibaki 12, kagua kwanza fyuzi, nyaya na regyuleta.