Usagara Ilivyotwaliwa na Watu Waliojificha

Mwishoni mwa mwaka 1884, mkulima wa Zombo, katika nchi ya Usagara, aliyekuwa akisafisha shamba lake kusubiri mvua hakuwa na habari kwamba ardhi aliyosimama juu yake imeshaandikwa karatasini kuwa ya Wajerumani. Hakuna aliyefika kumuuliza. Waliofanya kazi hiyo walipita mbali na kwake, upande wa kaskazini wa Kilosa, na tangu walipoondoka kwao walikuwa wamejificha.

Kiongozi wao alikuwa Carl Peters, kijana wa miaka 28 mwenye shahada ya udaktari wa historia. Mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa ameanzisha Berlin chama cha kutafuta makoloni. Aliandamana na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na mfanyabiashara August Otto. Walisafiri kwa majina ya bandia, katika daraja la chini la meli, wakivaa kama mafundi wa kawaida, kwa kuhofia Waingereza na watu wa Sultani wa Unguja wasije wakaijua nia yao. Walishuka Unguja mapema Novemba 1884. Hapo walikuta ujumbe wa serikali yao katika ubalozi mdogo wa Ujerumani: wasitegemee ulinzi wowote, wala kwa nafsi zao wala kwa ardhi watakayoipata. Siku chache baadaye wakavuka hadi Saadani na kushika njia ya bara.

Lugha yetu ina maneno mengi kwa jambo hili la kujificha, na hayana uzito mmoja. Anayejificha mvua hana kosa. Anayemsitiri mwenzake aibu hutenda wema. Anayefanya jambo kisirisiri huenda ana sababu nzuri, huenda hana. Lakini anayekuja kinyemela, akajigeuza na kulaghai, ameshavuka mpaka, na Kiswahili kina jina la kitendo chake: ghilba. Mzee wa Kisagara na mwalimu wa historia wangekubaliana kulitumia kwa yale yaliyofanyika Msowero.

Tarehe 29 Novemba 1884, katika kijiji hicho ambacho leo kimo wilayani Kilosa, Chifu Mangungo alitia alama yake kwenye waraka ulioitwa mkataba wa urafiki wa milele. Waraka uliandikwa kwa Kijerumani, na aliyesimama kati ya pande mbili alikuwa mkalimani aitwaye Ramazani. Chini ya jina la urafiki maandishi yalisema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, iwe ya chama cha Peters peke yake. Peters mwenyewe alikuja kueleza utaratibu wao: zawadi na pombe kwanza, kisha mkataba, bendera ikapandishwa, waraka ukasomwa kwa Kijerumani na bunduki zikafyatuliwa mara 3. Kwa mwenyeji, hiyo ilikuwa hafla ya kumpokea mgeni. Nani angejua kwamba kwa mgeni ndiyo ilikuwa hati ya umiliki?

Kilichoivuta Zombo ndani ya hila hiyo ni waraka mwingine. Mapema Desemba, mkuu aliyetajwa kwa jina la Mwinyi Sagara aliandikwa kuwa bwana pekee wa Usagara yote. Usagara haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa nchi ya koo, kila ukoo na wakubwa wake, kila bonde na watu wake. Cheo hicho kilizaliwa karatasini, kwa sababu bila bwana mmoja pasingekuwa na mtu wa kuitoa nchi nzima kwa alama moja ya kalamu.

Otto alifia hukohuko Usagara. Katikati ya Desemba Peters alikuwa amesharudi Pwani, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akalazimika kunyamaza. Serikali iliyokataa kumlinda Peters ilikuwa sasa inamlinda kwa mizinga.

Miaka 20 baadaye watu wa nchi hii walijificha kwa namna yao. Kabla ya vita vya Maji Maji kulipuka mwaka 1905, habari za dawa ya maji zilipita Umatumbini kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, nao waliita njia hiyo njwiywila. Vita vilipofika huku Kilosa, Wavidunda wa milima iliyo jirani na Mikumi walikuwamo. Siri hiyo siwezi kuiweka kapu moja na ya Peters. Mmoja alificha nia ili anyang'anye. Hawa walificha neno ili wasinyongwe kabla ya kusimama.

Peters aliishia vibaya. Baada ya kuwanyonga Waafrika wawili kule Kilimanjaro, alishtakiwa kwao na kufukuzwa utumishi mwaka 1897. Wenyeji walishampa jina la Mkono wa Damu.

Hata hivyo, jina tulilolifanya tusi ni la Mangungo. Mikataba ya madini ikijadiliwa, na ya bandari vilevile, anayeshukiwa kuuza nchi huitwa Mangungo. Hiyo si haki. Mangungo alikuwa nyumbani kwake, kwa jina lake mwenyewe, akimpokea mgeni. Walimu wa Msowero, wa Zombo na wa kote nchini, mnapolifundisha somo hili, anzeni na watu waliopanda meli kwa majina ya bandia.