Soko la Kuigiza Darasani

Soko la kuigiza darasani ni mbinu ya kufundishia ambapo wanafunzi hugawana kazi za muuzaji, mnunuzi na msafirishaji, wakaiga biashara ya mtandaoni bila kutumia fedha halisi. Ni tawi la elimu ya ujasiriamali kwa vitendo, ambayo shirika la Junior Achievement lilianza kuieneza Marekani mwaka 1919.

Nchini Kenya mbinu hii inaoana na Mtaala wa Umilisi, unaosisitiza kujifunza kwa vitendo na ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019.

Bisil, mji wa Kaunti ya Kajiado ulio kando ya barabara ya Nairobi–Namanga, unafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu ya soko lake la mifugo. Mnadani, mnunuzi humpapasa mbuzi mgongo na kumtazama meno kabla ya kutaja bei. Mtandaoni hawezi kumshika. Kwa hiyo tangazo la mwanafunzi halina budi kueleza umri, uzito, chanjo, bei na gharama ya usafiri, na picha iwe ya mbuzi yuleyule anayeuzwa. Hapa ndipo penye kiini cha somo: kumfanya mtu asiyekuona akuamini.

Malipo yanaweza kuigwa kwa karatasi zenye mfano wa ujumbe wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007. Mwalimu akichanganya humo jumbe za kughushi, muuzaji hujifunza kukagua salio lake kabla ya kutoa mzigo. Namba za simu na anwani za wateja, ingawa ni za kubuni, hufungua mjadala wa faragha, ambayo nchini Kenya inalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.