Kifo cha Mfalme Msiri na Mashahidi Wake

Wengi hudhani kwamba mwandishi wa historia hukusanya tu habari za kale na kuziweka katika kitabu. Sivyo. Kazi yake yafanana na ya mwamuzi barazani: huwaita mashahidi, huwasikiliza mmoja mmoja, kisha huyapima maneno yao.

Tutwae mfano wa Katanga. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, Msiri, mfalme wa Bayeke, aliuawa kwa risasi. Kapteni Stairs, aliyekuja kwa ajili ya Mfalme Leopold II, alimtaka aikubali bendera ya Dola Huru ya Kongo, naye alikataa. Kapteni Bodson akaenda kumkamata, akampiga risasi. Yeye mwenyewe akapigwa, akafa.

Mashahidi ni nani? Daktari Moloney wa msafara ule alichapisha kitabu mwaka 1893. Amwonyesha Msiri kuwa mtu mkatili. Lakini Moloney hakuwapo mahali pale risasi ilipolia. Tena mtu wa msafara hupenda kuonyesha kwamba msafara wake ulikuwa na haki.

Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri aliyemrithi, naye aliacha masimulizi yake. Yeye alimjua baba yake. Lakini alitawala chini ya serikali ya Wazungu. Je, aliweza kusema yote?

Wazee wa Bayeke husimulia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa. Tuwacheke kwa sababu hawakuandika? Hapana! Bonchamps, Mfaransa wa msafara uleule, naye aliandika kwamba kichwa kilikatwa. Basi, wapinzani wawili wasioshauriana wakisema neno moja, neno hilo lina nguvu.

Kisha yabaki kueleza maana yake. Kwa Bayeke, siku ile walifiwa na mfalme. Kwa Basanga, waliokuwa wamemwasi, mzigo uliondoka. Mwandishi mwema hafichi kilio cha hao, wala hafichi kwamba Msiri aliuza watumwa.

Walioiona siku ile wamekwisha kufa wote. Yamebaki maneno yao. Kwa hiyo, ewe kijana, ukisikia habari ya kale usiikubali upesi, wala usiitupe. Uliza: Msemaji alisimama wapi? Alisema mbele ya nani? Nani mwingine asema hivyo? Kisha andika, ili wafu wasisingiziwe, na watoto wetu wasidanganyike.