Majina ya Masomo na Idara katika Shule za Sekondari: Maneno Yaliyoishi na Yaliyobaki Orodhani

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya majina ya masomo, idara na migawanyo ya mafunzo katika shule za sekondari za Tanzania. Orodha za istilahi hizo zimekwisha kutolewa, na wafasiri wengi wanazo mezani. Kisichoelezwa sana ni namna majina hayo yalivyopatikana, na kwa nini baadhi yake yalishika mizizi ilhali mengine hayakuwahi kutoka katika orodha. Jambo hili linawahusu walimu na watumishi wa serikali kama linavyowahusu wanaisimu, maana wao ndio waandikao vyeti, nyaraka na ratiba.

Tuanze na neno kidato. Kabla ya kuingia shuleni, kidato kilikuwa alama ikatwayo katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Aliyelichagua neno hilo kutaja ngazi za sekondari alifanya kazi njema, kwa kuwa mkwezi hupanda kidato kwa kidato wala hakai katikati ya mti kwa hiari yake. Neno darasa, lenye asili ya Kiarabu, likaachiwa shule ya msingi. Kwa hiyo mtoto akisema yuko darasa la tatu, au yuko kidato cha tatu, msikilizaji hana haja ya kuuliza ni shule ya aina gani. Mgawanyo wa namna hii Kiingereza chenyewe kinauonea haya mara nyingi.

Somo nalo halikuwa geni. Limetokana na kusoma, lakini watu wa mwambao walikuwa nalo pia katika maana ya mwanamke amfundaye mwari mambo ya utu uzima. Mafunzo, basi, yalikuwa yamo ndani ya neno kabla ya ratiba kubandikwa ukutani.

Idara ina historia nyingine. Neno hili lilipita serikalini kwanza. Idara ya Elimu ya Tanganyika iliundwa mwaka 1920, na kwa mtumishi wa serikali mpaka leo idara ni tawi la wizara lenye mkurugenzi wake. Shuleni, idara ya Kemia yaweza kuwa walimu wawili na kabati moja la chupa. Kwa hiyo mfasiri akikutana na "mkuu wa idara" katika barua ya shule, hana budi kuongeza jina la somo, asije akampandisha mwalimu cheo ambacho hata mshahara wake haukijui.

Sasa tutazame majina ya masomo yenyewe. Hapa waundaji wa istilahi walikuwa na njia mbili: kutumia neno lililokuwamo katika lugha, au kutohoa. Historia ni mfano mzuri wa njia ya kwanza kushindikana kwa sababu ya haki. Kiarabu kina neno moja kwa siku ya mwezi na kwa elimu ya mambo yaliyopita. Kiswahili kilikwisha kulichukua neno hilo kwa umbo la tarehe na kulifungia katika maana ya siku, na wazee wa mwambao, walipoandika mambo ya miji yao, waliyaita habari. Habari ni neno pana mno kuwa jina la somo, na tarehe limebanwa mno. Historia ikaingia na haijapata mshindani.

Hesabu na Hisabati ni ndugu wa asili moja, wakagawana kazi. Hesabu ikabaki kwa kujumlisha, kutoa na kutunza vitabu vya fedha. Hisabati ikawa jina la taaluma nzima, pamoja na aljebra na jiometri. Uchumi ulitokana na kuchuma, na katika kamusi za zamani ulikuwa ni pato la mtu na njia yake ya kupata riziki, kisha ukapanuliwa mpaka ukabeba mali ya taifa zima. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa maana mpya ilisimama juu ya ile ya zamani.

Biolojia haikuwa na bahati hiyo. Lilipendekezwa jina elimuviumbe, ambalo kila mtu angeweza kulielewa bila mwalimu. Hata hivyo, kamusi sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilijiita ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na baadaye mihtasari ikaandika Baiolojia. Msomaji atazame irabu hiyo iliyoongezwa. Fizikia na Kemia hazifuati sauti ya Kiingereza, lakini Baiolojia inaifuata waziwazi. Sauti hiyo ilitoka katika kinywa cha mwalimu aliyekuwa akifundisha somo hilo kwa Kiingereza kila siku, na kinywa hicho kikaishinda kamusi.

Hapo ndipo kwenye kiini cha maelezo yetu. Mwaka 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Mwaka 1969 Wizara ya Elimu ilipeleka waraka kwa wakuu wa shule za sekondari kuwaarifu juu ya uwezekano wa kubadili lugha hatua kwa hatua: Siasa ianze mwaka wa masomo wa 1969/70, Sayansikimu ifuate mwaka 1970/71, kisha Historia, Jiografia, Biolojia, Kilimo na Hisabati mwaka 1971. Kazi ya istilahi ikashika kasi, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba maneno yangehitajika hivi karibuni.

Katika masomo hayo yote, lililovuka kwa hakika ni Siasa. Neno lenyewe lilikuwa na mambo yake: kamusi za zamani zinatoa kwanza maana ya upole na utaratibu, kama mtu anayekwenda kwa siasa asimwage maji aliyobeba. Kwa kuwa Siasa ilifundishwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, msamiati wake, yaani ujamaa, ubepari, ukabaila, unyonyaji na mengineyo, haukuhitaji kutetewa na mtu. Wanafunzi waliubishania darasani, wakauandika katika mitihani, wakarudi nao nyumbani. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, Siasa iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia. Jina jipya ni zuri na la Kiswahili safi. Lakini katika sekondari somo hilo lilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jina la Kiswahili likawa la kutajia tu, na somo pekee lililokuwa limevuka, ukiacha Kiswahili chenyewe, likarudi ng'ambo.

Sayansikimu yastahili kutajwa peke yake. Imeunganishwa na kukimu, yaani kutosheleza mahitaji ya maisha. Kila mtumishi aliyewahi kusafiri kikazi analijua tendo hilo kutokana na posho ya kujikimu. Watu walizoea kuliita somo hili upishi na ushonaji, wakalidharau. Jina jipya lilitaka kusema kwamba kulisha na kuvika jamaa ni sayansi. Kwa maoni yetu, ni mojawapo ya istilahi bora zilizopata kuundwa katika eneo la elimu, na tunasikitika kwamba wanafunzi wake walijifunza virutubisho kwa Kiingereza chini ya kichwa cha Kiswahili.

Miaka ya 1970 ilileta neno mchepuo. Kufuatana na Elimu ya Kujitegemea, shule za sekondari zilipewa mwelekeo wa kilimo, biashara, ufundi au sayansikimu. Kuchepuka ni kuacha njia na kushika upande. Shabaha ya serikali ilikuwa kinyume chake: kazi za mikono ziwe njia kuu yenyewe. Hatudai kwamba neno ndilo lililowafanya wazazi wengi wayaone masomo hayo kuwa ya pembeni, lakini halikuwasaidia kufikiri vinginevyo. Tangu umbo la jirani, mchepuko, lipate maana ya mapenzi ya nje ya ndoa, walimu wana sababu zaidi ya kulitumia kwa uangalifu.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi zilizotayarishwa ziliendelea kungoja, na watu walioziunda wakaanza kustaafu.

Kwa kidato cha tano na cha sita, neno tahasusi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kubobea katika jambo maalumu, limeshika nafasi katika nyaraka za serikali. Wanafunzi wenyewe husema PCM wakimaanisha Fizikia, Kemia na Hisabati, ingawa herufi hizo ni za majina ya Kiingereza. Katika HKL hali ni ya ajabu zaidi: herufi ya kati ni Kiswahili, na ya mwisho, inayosimamia neno "lugha" kwa Kiingereza, ni Kiingereza. Kimoja kimetajwa kwa jina lake, na kingine kimeitwa lugha tu, kana kwamba ndiyo pekee. Hatujapata kusikia mwalimu akilieleza jambo hili darasani.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Amali ni kazi, na ni neno lenye heshima kuliko mchepuo. Tatizo liko katika mkondo, ambao shuleni ulikwisha kuwa na kazi: shule ya mikondo miwili ni ile yenye madarasa mawili katika kila kidato. Mfasiri wa barua za shule atazame sana asichanganye hesabu ya vyumba na aina ya elimu.

Mitaala hiyohiyo imeleta pia somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyetoka darasa la saba hulisoma kwa maneno aliyokuja nayo, akauliza na kubisha. Kengele ikilia, hulifunga daftari hilo na kufungua la Jiografia, lenye jina la Kiswahili katika ratiba na Kiingereza katika kila ukurasa.