Asilimia Sifuri: Mwili wa Askari Mbele ya Baraza la Rufaa

Tunapofikia mada ya dola na mwili wa raia, huwapa wanafunzi wangu nakala za maamuzi ya Baraza la Rufaa za Maveterani la Marekani. Hiki ni chombo kinachosikiliza rufaa za wanajeshi wa zamani walionyimwa fidia ya ulemavu, na maamuzi yake huwekwa wazi kwa umma baada ya majina ya warufani kuondolewa. Miongoni mwake yamo mengi yanayohusu upungufu wa nguvu za kiume. Darasa huanza kwa kucheka. Sishangai, kwa kuwa kwetu maneno hayo tumezoea kuyasoma kwenye vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme, si kwenye waraka wa serikali wenye kifungu cha sheria na sababu za uamuzi. Hata hivyo, baada ya kurasa mbili tatu kicheko hukatika, na swali zito hujitokeza: dola inayomtuma mtu vitani inamdai mwili wake kiasi gani, na mwili huo ukiharibika inamlipa kwa kipimo gani?

Tuanze na historia ya chombo chenyewe. Baraza hilo liliundwa mwaka 1933, Franklin Roosevelt alipokuwa rais. Kwa miaka 55 iliyofuata, mwanajeshi aliyenyimwa haki yake hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Idara iliyomnyima ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Aidha, sheria iliyotokana na enzi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ilizuia wakili kulipwa zaidi ya dola 10 kwa shauri la aina hii. Kisingizio kilikuwa kumlinda askari dhidi ya mawakili walafi. Matokeo yake ni kwamba askari alisimama peke yake. Ni mwaka 1988 tu ndipo Bunge la Marekani lilipoanzisha mahakama maalumu ya kupitia maamuzi hayo na kuuondoa ukomo ule wa dola 10. Tangu hapo Baraza linawajibika kueleza sababu zake kwa namna ambayo mahakama inaweza kuzipima. Maamuzi ninayoyagawa darasani yameandikwa kwa kirefu kwa sababu waandishi wake wanajua kuna anayeweza kuyakagua.

Sasa tutazame madai yenyewe. Mara nyingi mrufani hadai kwamba risasi ilimpiga sehemu za siri. Anadai kwamba ugonjwa unaotambuliwa kuwa umetokana na utumishi umezaa ugonjwa mwingine. Mfano ulio wazi ni wa vita vya Vietnam. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilinyunyizia misitu na mashamba ya nchi ile sumu za kuua mimea, iliyojulikana zaidi ikiwa Agent Orange. Mwaka 1991 ikatungwa sheria iliyowezesha magonjwa kadhaa kuchukuliwa kuwa yametokana na sumu hizo bila kila askari kulazimika kuthibitisha upya. Saratani ya tezi dume iliingizwa kwenye orodha mwaka 1996, na kisukari cha aina ya pili mwaka 2001. Daktari yeyote atakueleza kwamba kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba upasuaji wa tezi dume unaweza kumwacha mtu bila uwezo wa tendo la ndoa. Kwa wengine chanzo ni dawa za sonona wanazotumia kutuliza majeraha ya akili waliyorudi nayo kutoka vitani.

Hapo ndipo aibu inapoingia mahakamani. Mtu anayeumwa mguu humwambia daktari siku hiyo hiyo. Mwenye tatizo hili anaweza kunyamaza miaka kumi. Afisa anayefungua jalada hukuta kimya, na ni rahisi kukitafsiri kimya hicho kuwa ushahidi kwamba tatizo halikuwepo. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitamka kwamba maelezo ya mwanajeshi hayawezi kukataliwa kwa sababu tu hayakuambatana na nyaraka za kitabibu za wakati ule. Barua ya mke inayoeleza kilichobadilika nyumbani ni ushahidi unaopaswa kupimwa. Tena, hoja za pande mbili zikilingana uzito, sheria inaagiza mashaka yaamuliwe kwa manufaa ya askari.

Tuseme ameshinda. Analipwa nini? Hapa wanafunzi wangu huniuliza kama hakuna kosa la uchapaji, maana kiwango kinachoandikwa ni asilimia sifuri. Jedwali la viwango la Marekani linapima ulemavu kwa wastani wa upungufu wa uwezo wa kujipatia kipato. Kwa mantiki hiyo, mtu asiye na nguvu za kiume bado anaweza kuendesha lori au kukaa ofisini. Mshahara wake haujaguswa, basi hasara yake ni sifuri. Zamani jedwali lilitoa asilimia 20 pale uume ulipokuwa na ulemavu wa umbo pamoja na kupoteza uwezo wa kusimama, na mabishano mengi yalihusu neno hilo "ulemavu wa umbo". Mabadiliko ya mwaka 2021 yalifuta mjadala: sifuri, liwepo kasoro la umbo au lisiwepo. Wanawake nao hawakusahauliwa katika hesabu hii. Tatizo la kukosa msisimko wa kijinsia liliingizwa kwenye jedwali mwaka 2018, nalo kwa sifuri.

Lakini chini ya jedwali ipo tanbihi. Inamwelekeza afisa aangalie stahili nyingine ya kisheria, malipo maalumu ya kila mwezi kwa aliyepoteza matumizi ya kile ambacho sheria inakiita kiungo cha uumbaji. Katika miaka ya karibuni malipo hayo yamekuwa zaidi kidogo ya dola 130, juu ya fidia nyingine anazopata. Kiasi si kikubwa, ila maana yake ni kubwa: jedwali linasema mtu ni mshahara wake, na tanbihi inakiri kwamba mtu ni zaidi ya mshahara wake.

Hatari ni kwamba si kila mtu husoma tanbihi. Anayepokea barua yenye neno "sifuri" anaweza kudhani ameshindwa, akaitupa kwa hasira. Muda wa kupinga uamuzi ni mwaka mmoja. Ukipita anaweza kuanza upya, lakini aghalabu hupoteza malipo ya nyuma. Aibu iliyomnyamazisha mbele ya daktari humnyamazisha tena mbele ya dirisha la rufaa.

Haya si ya mbali nasi kama yanavyoonekana. Kuanzia mwishoni mwa 2008 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwake. Hivyo wapo wenzetu ambao mashauri haya yanawahusu moja kwa moja, nao wamelelewa katika lugha ambamo neno "hanithi" ni tusi kabla ya kuwa ugonjwa.

Kwa wewe mtumishi wa umma unayesoma haya, somo langu ni moja. Raia aliye mbele yako hatakuambia kila kitu, hasa kile kinachomuuma zaidi. Ukikuta kimya kwenye jalada, usikiandike kuwa jibu. Uliza kwa staha, kisha eleza uamuzi wako kwa maandishi, pamoja na stahili ambayo yeye hakujua kuiomba.