Handaki la Gilgil na Mpaka wa Busia na Tororo

Tarehe 29 Machi 1948, mahabusu sita wa Kiyahudi walitoroka kambi ya Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kwa kupitia handaki. Miongoni mwao alikuwa Yaakov Meridor, aliyewahi kuwa kamanda wa Irgun, kundi lililopigana kuwaondoa Waingereza Palestina. Walikuwa wakizuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Uhamisho wa wenzao kuja Afrika ulianza Oktoba 1944, watu 251 walipopelekwa Eritrea. Baadaye walipelekwa Sudan, na mwaka 1947 wakaletwa Gilgil.

Mbinu ya handaki ilijulikana tangu Vita vya Pili vya Dunia. Machi 1944, wanahewa 76 wa Washirika walitoka kambi ya Stalag Luft III nchini Ujerumani, kisa kilichotiwa chumvi kiasi katika filamu ya The Great Escape ya 1963. Mchanga waliochimba waliutia katika vifuko vilivyoning'inia ndani ya suruali, wakaumwaga kidogo kidogo bustanini huku wakitembea. Hata hivyo, kutoka shimoni hakukuwa kuokoka: 73 walikamatwa, na 50 kati yao wakapigwa risasi. Watatu tu ndio waliofika salama.

Watoro wa Gilgil walielekea magharibi, kwa gari, hadi Uganda. Mpaka wa Kenya na Uganda haukuwa wa zamani. Hadi mwaka 1902 Gilgil yenyewe ilihesabiwa ndani ya Uganda. Ndipo Waingereza walipohamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda upande wa Kenya, na mpaka ukasogea hadi maeneo ya Busia na Tororo. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili, ndugu kwa ndugu. Mwaka 1917 nchi hizo ziliunganisha forodha, na reli ikapita Tororo hadi kufika Kampala mwaka 1931. Kwa mtawala mmoja aliyeshika pande zote, mstari huo ulikuwa wa kiutawala kuliko kizuizi.

Kutoka Uganda, watu hao sita waliingia Kongo ya Wabelgiji, wakapanda ndege hadi Brussels. Meridor alifika Israel Mei 1948, taifa hilo lilipotangazwa. Wenzao waliobaki Gilgil walirudishwa kwao Julai mwaka huohuo.

Leo mpaka huo wa Kenya na Uganda una vituo vya pamoja vya mpakani, Busia na Malaba karibu na Tororo, ambako msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.